Swali la Mtoto wa Chumba cha Kwanza: Kufundisha Matumizi Mazuri ya Umeme katika Shule ya Msingi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu katika shule moja ya Temeke, upande wa Mbagala. Alikuwa akifundisha Darasa la Sita somo la Sayansi, na mada ilikuwa matumizi mazuri ya umeme. Andalio lake lilikuwa safi, nasi tulikuwa tumelipitisha wenyewe. Aliandika ubaoni: "Zima taa usipoitumia." Wanafunzi wakasoma kwa pamoja mara tatu. Akaandika: "Usiache pasi ikiwaka." Wakasoma tena. Ndipo msichana mmoja alipoinua mkono na kusema: "Mwalimu, sisi tuna taa moja tu, na tunaizima. Mwenzetu wa chumba cha tatu ana jokofu. Mwisho wa mwezi wote tunachanga sawa. Sasa sisi tunazima kwa faida ya nani?"

Darasa lilicheka. Mwanachuo alijibu, "Kwa faida ya taifa," akaendelea na sentensi ya tatu. Nasi tuliokuwa tumekaa nyuma na karatasi za tathmini tulimpa alama nzuri kwa mwandiko wa ubaoni na kwa kulitawala darasa.

Njiani kurudi chuoni ndipo tulipotambua kosa letu. Swali lile lilikuwa ndilo somo lenyewe, na lilipita bila kujibiwa. Makala haya yanakusudia kuwaonyesha wanachuo namna ya kulifundisha somo hili hadi swali kama lile lipate jibu la kweli.

1. Kwa nini tufundishe somo hili

Ndugu wanachuo, ye yote anayefundisha kuweka akiba ya umeme sharti kwanza aamini yeye mwenyewe kwamba jambo hilo lina maana. Zipo sababu tatu ambazo mwalimu anapaswa kuzijua vema.

Sababu ya kwanza ni asili ya umeme wenyewe. Umeme si kama mahindi yanayowekwa ghalani hadi yahitajiwe. Sehemu kubwa ya umeme wa gridi huzalishwa wakati ule ule unaotumika. Jioni, watu warudipo makwao na kuwasha taa, televisheni, feni na pasi kwa wakati mmoja, mitambo hulazimika kuzalisha zaidi, na nyaya na transfoma za mtaani hubeba mzigo mzito kuliko wakati mwingine wa siku. Transfoma ikizidiwa, taa hufifia na vyombo huweza kuharibika.

Sababu ya pili ni historia yetu. Kwa miaka mingi Tanzania ilitegemea sana umeme wa nguvu za maji. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha mwaka 1975, na cha Mtera mwaka 1988. Vyote viwili hutumia maji ya Mto Ruaha Mkuu: maji yaliyohifadhiwa katika bwawa la Mtera huteremka na kutumika tena Kidatu. Mvua zinapokosekana, vituo vyote viwili huathirika. Ukame wa mwaka 2006 ulileta mgao mkali wa umeme, na wazazi wengi wa wanafunzi wetu wanaukumbuka. Tangu wakati huo gesi asilia imetumika zaidi katika vituo vya Ubungo na Kinyerezi, na Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Mwanafunzi anaweza kuuliza: "Umeme ukiwa mwingi, tuuwekee akiba ya nini?" Jibu linapatikana katika sababu ya tatu.

Sababu ya tatu ni mfuko wa mzazi. Umeme uwe mwingi au uwe haba, kila uniti inalipiwa. Mama anayeuza vitumbua asubuhi na mchana akanunua umeme wa shilingi 2,000 anajua zaidi ya mwalimu ye yote thamani ya uniti moja. Hapo ndipo somo lianzie, maana ndipo mtoto anapoishi.

Ni vizuri pia mwanachuo ajue kwamba hata wauzaji wa umeme wamekuwa na sababu za kufundisha watu kuutumia kidogo. Nchini Marekani, baada ya shida ya mafuta ya miaka ya 1970, sheria ya mwaka 1978 iliyataka mashirika makubwa ya umeme na gesi yawape wateja huduma ya kukaguliwa nyumba zao, ili waonyeshwe mahali nishati inapopotea. Jambo hilo halikuwa hisani tu: umeme usiopotea hupunguza haja ya kujenga kituo kingine kwa ajili ya saa chache za jioni.

2. Mambo ambayo mwalimu sharti ayajue kabla ya kuingia darasani

Wati ni kipimo cha nguvu ambayo chombo hutumia kwa wakati ule kinapofanya kazi. Balbu imeandikwa wati zake juu ya kioo au kwenye shina. Pasi na feni zina kibandiko nyuma au chini. Wati 1,000 ni kilowati 1. Chombo cha kilowati 1 kikifanya kazi kwa saa 1, kimetumia kilowati-saa 1. Hiyo ndiyo "uniti" tunayoinunua. Kanuni ni hii:

Wati × saa ÷ 1,000 = uniti.

Mwanafunzi akiishika kanuni hii, amepata ufunguo. Ataona mwenyewe kwamba chombo chenye nguvu kubwa kikitumika kwa muda mfupi chaweza kulingana na chombo chenye nguvu ndogo kinachoachwa usiku kucha.

LUKU ni kifupi cha maneno "Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo". Mita za aina hii ziliingia nchini katika miaka ya 1990. Mteja hununua kwanza, hupewa namba ya tarakimu 20, huiingiza katika mita, na uniti zake hupungua kadiri anavyotumia. Risiti ya LUKU ni zana bora ya kufundishia, maana inaonyesha fedha zilizolipwa, kodi na tozo zilizokatwa, na uniti zilizopatikana. Mwalimu akumbuke kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU; kwa hiyo mteja anaweza kulipa fedha zile zile na kupata uniti pungufu kuliko mara iliyopita bila bei ya umeme kubadilika.

Kuhusu bei, mwalimu atumie bei zilizoko wakati anapofundisha. Kwa mifano ya makala haya tumechukua bei zilizotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo. Mteja mdogo wa nyumbani, ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, alipangwa katika kundi la D1 na kutozwa shilingi 100 kwa uniti. Uniti zilizozidi 75 zilitozwa shilingi 350. Mteja wa matumizi ya kawaida, kundi la T1, alitozwa shilingi 292 kwa kila uniti. Tofauti hii ya makundi ina maana kubwa, kama tutakavyoona.

3. Andalio la somo

Somo ni la vipindi viwili vinavyofuatana, la Sayansi likisaidiwa na Hisabati, kwa Darasa la Sita.

Madhumuni. Mwishoni mwa vipindi hivi kila mwanafunzi aweze: (a) kusoma wati za chombo, (b) kukokotoa uniti zinazotumiwa na chombo kwa siku na kwa mwezi, (c) kueleza kwa hesabu njia mbili za kupunguza matumizi, (d) kutoa hoja kuhusu ugawaji wa haki wa gharama katika nyumba yenye mita moja.

Zana. Mita ya shule, balbu ya LED ya wati 9, balbu ya zamani ya wati 60 ikipatikana, pasi, saa yenye mshale wa sekunde, na risiti moja ya LUKU iliyofunikwa jina na namba ya mita. Shule isiyo na umeme itumie makopo mawili ya maji yaliyo sawa, moja limetobolewa tundu kubwa na jingine tundu dogo. Wanafunzi wapime maji yanayotoka kwa dakika moja, kisha kwa dakika tatu. Ukubwa wa tundu ni mfano wa wati, na dakika ni mfano wa saa za matumizi.

Hatua ya kwanza: utangulizi. Mwalimu asianze na amri. Aanze na swali: "Shilingi 2,000 za umeme nyumbani kwenu, au kwa jirani, huisha baada ya siku ngapi? Nani huzimaliza?" Majibu yaandikwe ubaoni bila kusahihishwa. Wengi watasema taa ndiyo inayomaliza umeme kwa sababu inaonekana ikiwaka. Tusiwakatae; vipimo vitasema.

Hatua ya pili: kupima. Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo nyekundu inayometameta, na pembeni imeandikwa idadi ya mimeto kwa kilowati-saa moja. Tuseme mita ya shule imeandikwa 1,000. Kwa idhini ya mwalimu mkuu, vyombo vyote vizimwe, kisha mwalimu awashe kimoja kimoja wakati wanafunzi wakihesabu mimeto kwa saa ya mkono. Balbu ya wati 60 itametesha mara moja kwa dakika. Pasi ya wati 1,000, inapokuwa ikipata moto, itametesha karibu mara 17 kwa dakika. Balbu ya wati 9 itawachosha: watangoja karibu dakika 7 kupata mmeto mmoja tu. Tumeona darasa zima likikaa kimya kuingoja taa ile ndogo. Ukimya huo hufundisha kuliko sentensi tatu za ubaoni.

Hatua ya tatu: kukokotoa. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku hutumia uniti 0.3 kwa siku, yaani uniti 9 kwa siku 30. Balbu ya wati 9 kwa muda huo huo hutumia uniti 1.35. Tofauti ni uniti 7.65 kwa mwezi, na chumba hakikupoteza mwanga. Hapa mwalimu asisitize: matumizi mazuri si kukaa gizani. Ni kupata kazi ile ile kwa umeme mchache.

Hatua ya nne: nyumba ya mfano. Mwalimu achore ubaoni nyumba ya vyumba vinne vya kupanga, yenye mita moja. Nyumba iwe ya kubuni. Sababu tutaieleza baadaye. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vinne, kila kikundi chumba kimoja, wakokotoe matumizi ya siku 30:

Chumba cha kwanza: taa moja ya wati 9, saa 5. Jumla uniti 1.35.

Chumba cha pili: taa kama hiyo, televisheni ya wati 60 kwa saa 5, feni ya wati 50 kwa saa 8. Jumla uniti 22.35.

Chumba cha tatu: taa kama hiyo, feni kama hiyo, na jokofu linalotumia uniti 1 kwa siku. Jumla uniti 43.35.

Chumba cha nne: taa ya zamani ya wati 60 kwa saa 5, na pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa kila siku. Jumla uniti 24.

Nyumba nzima imetumia uniti 91.05. Kwa bei ya T1 ni shilingi 26,586.60. Wakichanga sawa, kila chumba hutoa shilingi 6,646.65.

4. Jibu la swali la msichana

Sasa mwalimu alilete swali lile. Chumba cha kwanza kimetumia uniti 1.35, zenye thamani ya shilingi 394.20, nacho kimechangishwa zaidi ya shilingi 6,600. Chumba cha tatu kimetumia umeme wa shilingi 12,658.20, nacho kimetoa zile zile 6,646.65. Msichana wetu alikuwa na haki. Katika nyumba ya namna hii maneno "lipa kadiri utumiavyo" ni kweli kwa mita, lakini si kweli kwa mpangaji. Anayezima taa humwekea akiba asiyezima. Kumwambia mtoto huyo kwamba azime kwa faida ya taifa, bila kukiri kwanza jambo analoliona kila mwezi, ni kumfundisha kwamba shule haijui habari za kwao.

Lipo jambo jingine ambalo wanafunzi wenyewe waligundue. Hakuna chumba hata kimoja kilichofikia uniti 75. Kila familia ingekuwa na mita yake, kila moja ingestahili bei ya mteja mdogo, na nyumba nzima ingelipa shilingi 9,105 badala ya 26,586.60. Mita moja imewajumlisha wanyonge wanne ikawafanya waonekane mtumiaji mmoja mkubwa. Hali hii si ngeni Tandika, Mbagala au Tandale, ambako nyumba ya vyumba sita na sebule ndefu katikati ni kawaida.

Baada ya hapo vikundi vipewe kazi: "Nyumba hii ifanye nini?" Katika madarasa tuliyoyaona yalitoka mapendekezo mengi mazuri. Wapo wanaosema kila chumba kichange kwa hesabu ya wati na saa. Wapo wanaotaka kila chumba kitoe kiasi kidogo kilicho sawa kwa ajili ya taa ya ukumbini na ya chooni, kisha kilichobaki kigawanywe kwa vyombo. Wapo wanaopendekeza mita ndogo ya kila chumba, ifungwe na fundi mwenye ujuzi kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Mwalimu asiteue jibu moja. Ayapime yote kwa hesabu.

Halafu watafute akiba ya pamoja. Chumba cha nne kikibadili balbu, nyumba hupunguza uniti 7.65. Nguo zikipigwa pasi nyingi kwa mara moja, na muda wa pasi ukashuka hadi wastani wa robo saa kwa siku, hupungua uniti 7.5. Televisheni ikizimwa ile saa moja ambayo hakuna anayeitazama, hupungua uniti 1.8. Jumla ni uniti 16.95, na nyumba sasa inatumia uniti 74.1, chini ya 75. Hata ikibaki katika bei ya T1, imeokoa shilingi 4,949.40 kwa mwezi. Ikipata kupangwa katika kundi la mteja mdogo, gharama yote ni shilingi 7,410. Hili ndilo jibu ambalo mwanachuo wetu angeweza kumpa yule msichana: akizima peke yake anapoteza, nyumba ikihesabu pamoja, kila chumba kinapata.

5. Tahadhari

Kwanza, usiwaagize watoto walete orodha ya vyombo vya nyumbani kwao ili isomwe darasani. Darasa moja huwa na mtoto wa nyumba yenye kiyoyozi huko Mbezi Beach na mtoto wa chumba kisicho na taa. Nyumba ya kubuni humlinda kila mmoja.

Pili, usiligeuze jokofu la chumba cha tatu kuwa adui. Aghalabu mama wa chumba hicho huuza barafu na maji baridi, na jokofu ndilo linalolipa ada na daftari. Tufundishe namna ya kulitumia: mlango ufungwe vema, chakula cha moto kipoe kwanza, na lisisukumwe likagusa ukuta. Aidha, hoja ya uchangiaji wa haki iwe ya kumpatanisha na jirani zake, isiwe ya kumshitaki.

Tatu, hatari. Mwanafunzi asiguse waya, asifungue mita, asishike swichi kwa mkono wenye maji. Na mwalimu aseme wazi kwamba kuichezea mita ili isihesabu si akiba. Ni wizi, na huleta moto.

Nne, yuko mwanafunzi ambaye kwao hakuna umeme. Huyu apimishe mkaa: kopo moja la mkaa huivisha maharage yaliyolowekwa usiku kucha, je, yasiyolowekwa huhitaji kiasi gani? Sufuria yenye kifuniko na isiyo nacho hutofautiana dakika ngapi? Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mtoto anayejua kupima mkaa leo ndiye atakayejua kupima gesi na umeme kesho.

6. Kazi kwa wanachuo

(a) Tafuta risiti tatu za LUKU za miezi tofauti. Eleza kwa nini fedha zilizo sawa zimetoa uniti zilizo sawa au zisizo sawa.

(b) Soma vibandiko vya vyombo vitano vya bwenini au nyumbani, kadiria saa za matumizi, kisha linganisha hesabu yako na mita. Ukikosea, tafuta ulipokosea kabla ya kuwafundisha watoto.

(c) Buni nyumba yako ya mfano inayofanana na mtaa wa shule utakayofanyia mazoezi. Nyumba ya Bunju na ya Tandale zisiwe sawa.

(d) Andika maswali matano ambayo mwanafunzi mwerevu anaweza kukuuliza katika somo hili. Yale usiyoweza kuyajibu, yalete katika semina.

Katika mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tulee watoto wenye akili ya kudadisi. Dadisi huja kwa mkono ulioinuliwa wakati mwalimu anaharakisha kumaliza ubao. Tangu siku ile ya Mbagala tumeongeza mstari mmoja katika karatasi yetu ya tathmini, chini ya alama za mwandiko na nidhamu. Unauliza: "Mwanafunzi aliuliza nini, na mwalimu alimjibu nini?" Wanachuo watakaokwenda mazoezini muhula ujao wajiandae kwa mstari huo.